Kusoma Penye Taa Moja: Vitabu vya Majira ya Baridi Katika Aisilandi

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Nawaomba mkae vizuri, na wenye madaftari wayafungue. Juma lililopita tulizungumza habari za karatasi na wino. Leo tutasafiri mbali sana, mpaka kaskazini mwa dunia, tukatazame jinsi watu maskini, wasio na shule wala umeme, walivyokuwa wakisoma vitabu vya watungaji wa nchi yao wenyewe, na jinsi vitabu hivyo vilivyokaribia kupotea vyote. Habari hii inawahusu sana ninyi mlioanza kusoma ukubwani. Katika nchi hiyo, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, karibu kila mtu alijifunza kusoma nyumbani, wala si darasani.

Mwalimu wa darasa aandike jina hili ubaoni: Aisilandi. Ni kisiwa kikubwa chenye milima ya moto na mashamba ya barafu, katika bahari ya Atlantiki, upande wa magharibi wa nchi ya Norwe. Watu walianza kuhamia huko kwa wingi yapata mwaka 870, wengi wao wakitoka Norwe. Mwaka 930 wakaweka baraza lao la kutunga sheria. Baadaye, kuanzia mwaka 1262, wakawa chini ya mfalme wa Norwe, na kisha chini ya mfalme wa Denmaki, hata wakawa jamhuri yenye kujitawala kabisa tarehe 17 Juni, 1944. Mwaka 1703 watu wote wa kisiwa hicho walihesabiwa, kila mtu kwa jina lake, wakaonekana kuwa 50,358 tu. Hata leo hawajafika laki nne. Kumbukeni hesabu hiyo, maana tutaihitaji.

Sisi tunajua kipupwe. Mwezi wa Juni na Julai watu wa Njombe na wa Limuru hujifunika mablanketi, wakaota moto jikoni. Lakini majira ya baridi ya Aisilandi ni jambo jingine. Tena baridi yenyewe siyo shida kubwa kuliko zote, kwa kuwa pwani ya kisiwa hicho huoshwa na mkondo wa maji ya vuguvugu. Shida kubwa ni giza. Katika mji wa Reykjavík, siku ya tarehe 21 Desemba, jua huchomoza karibu saa tano na nusu za asubuhi, na ikifika saa tisa na nusu za alasiri limekwisha kutua. Saa nne tu za mwanga, basi. Zinazobaki ni usiku.

Mtu afanye nini na usiku mrefu namna hiyo?

Kwanza tuitazame nyumba yao. Miti mikubwa ya kujengea ilikuwa haba, kwa hiyo kuta zilijengwa kwa mawe na kwa mabonge ya ardhi yaliyokatwa pamoja na nyasi zake, na paa nalo likafunikwa kwa nyasi. Ndani mlikuwa na chumba kimoja kirefu, chenye vitanda vya mbao kando ya kuta zote mbili. Humo watu walilala, walikula, walifanya kazi, walizaliwa na walikufa. Kitandani walilala wawili wawili. Moto wa kuota katika chumba hicho mara nyingi haukuwako; watu walipashana joto wao kwa wao, na katika mashamba mengine ng'ombe walifungwa chini ya sakafu ili joto lao lipande juu. Msidhani basi kwamba nawasimulia habari za watu wa raha waliokaa katika viti laini. Hewa ilikuwa nzito, chawa walikuwako, na unyevu ulishuka kutani.

Magharibi ilipoingia na kazi za nje zikakoma, watu walijilaza gizani, wakapata usingizi mfupi. Walifanya hivyo makusudi, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa ghali. Walipoamka, taa iliwashwa. Taa yenyewe ilikuwa kibakuli cha chuma, chenye utambi wa nyuzi nyeupe za jani liotalo mabwawani, na mafuta ya maini ya papa au ya sili. Watu wa pwani wanaonisikiliza wanayajua mafuta ya papa; ni yale tunayoyaita sifa, wanayoyapaka mabaharia kwenye majahazi. Basi fikirini moshi wake na harufu yake katika chumba kisicho na dirisha la kufunguka!

Hapo kila mtu alishika kazi yake. Wengine walichambua sufu ya kondoo, wengine waliichana, wengine walisokota nyuzi, wengine walifuma soksi na fulana. Wanaume walifuma, na wanawake walifuma, na watoto nao walikuwa na kipimo chao cha kufuma. Mtu mmoja tu hakushika sufu. Yeye alikaa karibu na taa, kitabu mkononi, akawasomea wenzake kwa sauti. Desturi hiyo waliiita *kvöldvaka*, maana yake kukesha jioni, nayo iliendelea kila usiku tangu majira ya baridi yalipoingia, mwezi wa Oktoba, mpaka siku zilipoanza kurefuka.

Tuseme kweli: mwenye shamba hakuleta kitabu kwa ajili ya hisani. Kwa sheria za zamani zile, mtu asiye na ardhi alilazimika kukaa katika shamba la mwenye ardhi kama mtumishi, kwa mkataba wa mwaka mzima, na sufu iliyofumwa usiku ilikuwa mali ya kuuza. Kitabu kiliwafanya watumishi wasisinzie. Husimuliwa hata habari za vijiti vidogo vya kushikilia kope za macho, ili mtu asilale kazini! Lakini jambo lililoanzishwa kwa faida ya tajiri liliwapa maskini kitu ambacho tajiri hakukikusudia. Mtumishi na bwana wake, ajuza na mtoto, wote walisikia hadithi ile ile usiku ule ule. Na kijakazi aliyekuwa na sauti nzuri alikaa penye taa, bwana wake akamsikiliza.

Walisomewa nini? Hapa ndipo penye utamu wa somo letu. Zamani sana, hasa katika miaka ya 1200, watu wa kisiwa hicho waliandika masimulizi marefu ya mababu zao, yaitwayo saga. Yanasimulia habari za wakulima waliogombania mipaka na malisho, za visasi vya jamaa kwa jamaa, za wanawake wenye ulimi mkali, za safari za baharini. Katika nchi nyingi za Ulaya siku zile wataalamu waliandika kwa Kilatini, lugha ambayo mkulima hakuijua. Watu wa Aisilandi waliandika mambo hayo kwa lugha yao ya nyumbani. Wengi wa watungaji wa saga hawakuandika majina yao, lakini wengine twawajua. Mmoja ni Snorri Sturluson, mkuu wa watu na mwanasheria, aliyekusanya habari za wafalme wa Norwe na za miungu ya kale. Akauawa na adui zake nyumbani kwake mwaka 1241. Naye Sturluson maana yake ni mwana wa Sturla, kama sisi tusemavyo bin. Majina yao ni magumu kinywani, lakini mpango wake si mgeni kwetu.

Pamoja na saga walikuwa na *rímur*. Hizo ni hadithi ndefu zilizotungwa kwa mashairi yenye vina, nazo hazikusomwa kama gazeti, bali zilighaniwa. Aliyewahi kusikia utenzi ukighaniwa ataelewa mara moja, maana tenzi zetu nazo zilitungwa kwa masikio kabla ya macho.

Mwishoni mwa jioni kitabu kilibadilishwa. Mwenye nyumba alisoma mahubiri, kisha wote wakaimba wimbo wa dini. Katika siku za Kwaresima waliimba nyimbo za mchungaji wao Hallgrímur Pétursson, aliyezaliwa mwaka 1614. Nyimbo hizo ni 50, zilipigwa chapa mwaka 1666, na mtungaji wake akafa kwa ukoma mwaka 1674. Hakuwa mtu wa mbali wala mgeni. Alikuwa mtu aliyeishi katika nyumba za nyasi kama zao, akaona njaa kama yao.

Sasa mtauliza: watu hao walijua kusoma namna gani, ikiwa shule hapakuwa? Swali jema. Kati ya mwaka 1741 na 1745 mfalme wa Denmaki alimtuma mtu wa kanisa, Ludvig Harboe, azunguke kisiwani na kupima elimu ya watu. Aliona kwamba wengi wanajua kusoma, lakini wengi vilevile hawajui. Zikatoka amri. Mtoto asipate kipaimara mpaka ajue kusoma, na mchungaji aende nyumba kwa nyumba, amsikilize kila mtoto akisoma. Asiyepata kipaimara hakuweza kuoa wala kuolewa; kwa hiyo mnaona kwamba amri ilikuwa na meno. Amri nyingine, ya mwaka 1790, ilitaka mtoto aanze kufundishwa kusoma akiwa na umri wa miaka mitano. Waliofundisha ni mama, bibi na baba, kando ya kitanda, na sufu mkononi. Hata ilipofika mwisho wa karne hiyo ya 18, karibu watu wote walijua kusoma. Sheria ya kuwapeleka watoto shuleni ilikuja baadaye sana, mwaka 1907.

Kuandika lilikuwa jambo jingine. Amri za kanisa zilitaka watu wasome tu. Ni mwaka 1880 ndipo sheria ilipotaka watoto wafundishwe pia kuandika na kuhesabu. Kabla ya hapo aliyetaka kuandika alijifundisha mwenyewe, kwa kuiga barua ya mtu au ukurasa wa zamani. Tena wakubwa hawakupendezwa na hadithi za wenyeji. Amri ya mwaka 1746 iliwaonya wenye nyumba wasiruhusu saga na *rímur* zisizo na faida, ila wasome vitabu vya dini. Watu walisikia amri hiyo, wakasoma vitabu vya dini kama walivyoagizwa, kisha wakaendelea na saga zao vilevile!

Lakini walizipata wapi? Mtambo wa kupigia chapa ulifika kisiwani mapema, yapata mwaka 1530, ukaletwa na askofu Jón Arason. Na mwaka 1584 Biblia nzima ikapigwa chapa kwa Kiaisilandi. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa lugha yao, maana watu walisali na kusoma kwa maneno yao, si kwa Kidenmaki. Walakini mtambo ulikaa mikononi mwa maaskofu kwa miaka mingi, nao walipiga chapa hasa vitabu vya dini. Mtambo wa kwanza usio wa kanisa ulianza mwaka 1773, katika kisiwa kidogo cha Hrappsey. Basi mkulima aliyetaka kuwa na saga alikuwa na njia moja: aiazime kwa jirani, aiandike upya kwa mkono, aya kwa aya, mpaka mwisho, kisha amrudishie mwenyewe. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwanzo wa karne ya 20. Mkulima mmoja wa shamba la Tjaldanes, aitwaye Magnús Jónsson, aliyezaliwa mwaka 1835 na kufa mwaka 1922, alinakili masimulizi ya kale hata yakajaza mabuku makubwa 20. Hakuwa mwalimu wala mchungaji. Mchana alichunga kondoo, usiku akashika kalamu.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu tumefika mahali pa hatari.

Saga za kwanza hazikuandikwa juu ya karatasi, bali juu ya ngozi za ndama, zilizokwanguliwa, zikawambwa na kukaushwa. Kitabu kikubwa kuliko vyote huitwa kitabu cha Flatey. Kiliandikwa kuanzia mwaka 1387, nacho kina majani 225. Husemwa kwamba ndama 113 walichinjwa kwa ajili ya kitabu hicho kimoja. Kitabu kama hicho ni mali nzito. Lakini karatasi ilipofika na nakala mpya zikaandikwa, watu wengi waliona kwamba ngozi ile ya zamani, nyeusi kwa moshi, yenye mwandiko usiosomeka vizuri gizani, haina kazi tena. Ngozi ni ngozi. Wako walioikata wakaitumia kwa mambo mengine. Jani moja la masimulizi lilikatwa kuwa kielelezo cha fundi wa nguo. Jingine lilishonwa ndani ya kofia ya askofu ili isimame wima. Nayo habari ya majani yaliyotiwa katika viatu husimuliwa mpaka leo. Watu wa Aisilandi wana methali isemayo kwamba ni heri kukosa viatu kuliko kukosa kitabu. Nadhani aliyeitunga methali hiyo hakuwa na baridi ya miguu siku hiyo.

Mtu aliyeona hatari hiyo ni Árni Magnússon, aliyezaliwa mwaka 1663. Alikuwa mwenyeji wa kisiwa, akawa profesa katika mji wa København, makao ya mfalme wa Denmaki. Mwaka 1702 mfalme alimtuma nyumbani, yeye na mwenzake Páll Vídalín, waandike daftari la mashamba yote; na ile hesabu ya watu ya mwaka 1703 niliyowatajia ni kazi yao hao. Árni akazunguka nchi kwa miaka kumi, kuanzia shamba hadi shamba, na kila alipoingia aliuliza habari za kondoo na ng'ombe, kisha akauliza kama pana ngozi zilizoandikwa. Alinunua, aliomba, aliazima, alinakili. Hakudharau hata kipande cha jani moja. Ikawa mwaka 1720 makasha 55 ya maandiko na hati yakavukishwa bahari mpaka København.

Oktoba 1728 moto mkubwa ukashika mji wa København. Árni hakuamini upesi kwamba moto utafika kwake. Akachelewa kutoa vitu vyake nje. Sehemu kubwa ya maandiko ya ngozi iliokolewa, lakini vitabu vyake vya chapa karibu vyote viliungua, pamoja na hati na nakala nyingi ambazo hazikuwa na mfano wake popote duniani. Baada ya mwaka mmoja na miezi michache, mwezi wa Januari 1730, yeye mwenyewe akafa. Na ajabu ya miaka: ni mwaka huo huo wa 1728 ulioandikwa katika nakala ya zamani ya Utenzi wa Tambuka, wa Mwengo wa Athumani, mtu wa Pate. Huku kwetu mwandishi alikuwa akichovya kalamu. Huko kaskazini vitabu vilikuwa vikigeuka majivu.

Sasa mnaona kwa nini niliwaambia mkumbuke hesabu ya watu. Taifa la watu elfu hamsini, ambalo vitabu vyake vya kale vimekwenda ng'ambo, na vingine vimeungua, lingeweza kabisa kusahau lugha yake. Tena mabaya yalizidi. Ndui ya mwaka 1707 iliua karibu mtu mmoja katika kila wanne. Mwaka 1783 ardhi ilipasuka huko Laki, ikatapika moto na moshi wa sumu kwa miezi minane. Mifugo mingi ikafa, njaa ikaingia, na karibu mtu mmoja katika kila watano akafa. Kitabu hakishibishi tumbo, wala mimi sitawadanganya kwamba kilimwokoa mtu na njaa ile. Ila waliobaki, majira ya baridi yaliyofuata, waliwasha taa yao tena, na hadithi zilikuwako, kwa kuwa nakala zilikuwa zimetapakaa katika mamia ya nyumba. Moto wa mji mmoja haukuweza kuzifikia zote.

Jioni hizo hazikuwa za watungaji wa kale tu. Watu walitaka pia habari mpya, na waliozitunga walikuwa majirani. Rósa wa Vatnsendi, aliyezaliwa mwaka 1795 na kufa mwaka 1855, alikuwa mkunga. Mashairi yake mafupi ya mapenzi yalikwenda kwa midomo kutoka shamba hadi shamba. Sigurður Breiðfjörð, aliyezaliwa mwaka 1798, alikuwa fundi wa mapipa, na *rímur* zake zilipendwa kila mahali. Lakini si na kila mtu! Mwaka 1837 kijana msomi, Jónas Hallgrímsson, naye mshairi, aliandika katika jarida lao la København akamshambulia Sigurður vikali, akisema kwamba *rímur* za namna ile ni aibu kwa taifa. Watu wakagawanyika. Mimi naona Jónas alikuwa na haki nusu. Vina vya rímur wakati mwingine vilitungwa kwa kupiga maneno kama fundi apigavyo misumari, mradi vishikane. Lakini alisahau kwamba sikio lililomsikiliza yeye mwenyewe baadaye lilifundishwa na *rímur* hizo. Leo wote wawili wanakumbukwa, na tarehe 16 Novemba, siku ya kuzaliwa kwake Jónas, imekuwa siku ya lugha ya Kiaisilandi tangu mwaka 1996.

Baadaye hadithi ndefu za kisasa zikaanza. Jón Thoroddsen alitoa kitabu cha mvulana na msichana mwaka 1850. Torfhildur Hólm, mwanamke, alitoa mwaka 1882 hadithi ya maisha ya askofu Brynjólfur Sveinsson, yule yule aliyempelekea mfalme kile kitabu cha Flatey katika mwaka 1656. Huyu mama alikuwa wa kwanza katika nchi yake kujaribu kuishi kwa kalamu yake, na wapo waliomwonea choyo kwa hilo.

Taa ya mafuta ya papa iliondoka polepole, ikaja ya mafuta ya taa, kisha ya umeme. Watu walihamia mijini. Chumba kile kirefu kikabaki bila watu. Je, msomaji wa jioni alikwenda wapi? Wengine wenu mmekwisha kubahatisha. Tarehe 20 Desemba, 1930, redio ya taifa la Aisilandi ilianza kutangaza, na mara ikawa msomaji mmoja anasomea nchi nzima. Nyimbo za Hallgrímur husomwa redioni kila Kwaresima tangu mwaka 1944, na hadithi ndefu zilisomwa sehemu kwa sehemu, watu wakisubiri jioni ya pili wajue yaliyompata fulani.

Mwaka huo wa 1944 ulileta desturi nyingine. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, na bidhaa nyingi za kigeni zilizuiliwa zisiingie, lakini karatasi haikubanwa sana kama vitu vingine. Mtu aliyetaka kumpa mwenzake zawadi ya Krismasi alikuta kitabu kinapatikana. Wauza vitabu wakaanza kutoa orodha ya vitabu vipya vya mwaka, wakaigawa nyumba kwa nyumba. Tangu hapo vitabu vingi vya nchi hiyo hutolewa katika miezi ya mwisho wa mwaka, hata watu wakaiita gharika ya vitabu vya Krismasi. Usiku wa tarehe 24 Desemba zawadi hufunguliwa, na wengi huingia kitandani na kitabu kipya cha mtungaji wa kwao, wakasoma mpaka usiku wa manane, nje theluji ikianguka. Hawafumi tena, na kila mmoja husoma kimya, peke yake. Hapo kuna kilichopatikana na kuna kilichopotea.

Mwaka 1955 mtungaji wao Halldór Laxness alipewa Tuzo ya Nobel, tuzo kubwa ya watungaji wa dunia nzima. Alizaliwa mwaka 1902, akalelewa shambani, akafa mwaka 1998. Siku ya sherehe, mbele ya mfalme wa Sweden, alimtaja bibi yake, aliyemfundisha mashairi ya kale kabla hajajua herufi. Katika kitabu chake kimoja, kilichotoka mwaka 1934 na 1935, kuna mchungaji wa kondoo mkaidi ambaye hupenda *rímur* kuliko kitu chochote. Katika kingine, kilichotoka kuanzia mwaka 1943, kuna msomi anayeingia katika kibanda cha maskini na kupata majani ya kitabu cha kale ndani ya kitanda cha ajuza. Ninyi mmekwisha kujua msomi huyo alichorwa kwa kumwangalia nani.

Yabaki makasha ya Árni. Watu wa Aisilandi waliyadai kwa miaka mingi, na wako wasomi wa Denmaki waliokataa katakata. Mabishano yalifika mpaka bungeni na mpaka mahakamani. Mwishowe Denmaki ilikubali kuyarudisha sehemu kubwa. Tarehe 21 Aprili, 1971, manowari ya Denmaki ilitia nanga Reykjavík, ikiwa na kitabu cha Flatey na kitabu kingine cha mashairi ya kale. Maelfu ya watu walijaa bandarini, na wanafunzi walipewa ruhusa wasiende shule. Kazi ya kurudisha maandiko yaliyokubaliwa haikumalizika mpaka mwaka 1997. Mwaka 2023 ilifunguliwa nyumba mpya ya kuyahifadhi huko Reykjavík. Anayezitazama ngozi zile karibu huona matundu ya viwavi, alama za vidole, na weusi wa moshi wa taa.

Basi, wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Mwalimu azime redio, kisha amchague mmoja wenu asome kwa sauti ukurasa mmoja wa kitabu chochote kilichoandikwa na mtu wa wilaya yenu, au wa nchi yenu. Wenye ukindu wa kusuka wasuke, wenye nyavu za kushona washone, na wenye mahindi ya kupukuchua wapukuchue. Msomaji akichoka, apokewe na wa pili. Juma lijalo tutazungumza juu ya barua na posta. Kwaherini.